Nimetoka dukani Nakuru, landilodi amekataa dipoziti na ameshika friji: nianzie wapi?

Mteja_wa_FreeArea
Habari zenu. Duka liko Free Area, mkataba wa maandishi wa miaka miwili, kodi 35,000 kwa mwezi, dipoziti 70,000. Mkataba unataka notisi ya miezi miwili. Niliituma kwa WhatsApp tarehe 3 Februari, alama mbili za buluu zikatokea siku hiyohiyo. Nilirudisha funguo 31 Machi. Sasa landilodi anasema notisi ilikuwa fupi kwa hiyo anakata mwezi mzima, 35,000, na rangi na plasta 48,000. Jumla 83,000, ati mimi ndiye ninayedaiwa 13,000, na friji haitoki stoo mpaka nilipe. Katikati ya Aprili saluni ilikuwa imeshafunguliwa pale. Naenda lile Jopo la kodi za biashara au kortini?

Karani_Mstaafu
Ndugu, jibu kwanza swali moja: unataka kurudi dukani au unataka pesa na friji yako? Ukilichanganya hilo utazunguka mwaka mzima.

Lile Jopo unalolitaja, la majengo ya biashara (BPRT), linafanya kazi chini ya Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, ya mwaka 1965. Linawalinda wapangaji wasio na mkataba wa maandishi, au wenye mkataba usiozidi miaka mitano. Ungekuwa umefukuzwa bila notisi rasmi ya miezi miwili, ukitaka kufunguliwa duka, ungeenda huko mbio. Lakini wewe umetoka kwa hiari na funguo umerudisha. Ukienda Jopo, wakili wa landilodi atasimama na kusema hapa hakuna tena mpangaji, na huenda faili likatupwa kwa hoja hiyo peke yake.

Mlango wako ni Mahakama ya Madai Madogo. Inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, sheria inataka hukumu ndani ya siku 60 tangu kufungua, na unaweza kujisimamia bila wakili. Nakuru ipo. Ila angalia unavyoandika dai. Mahakama hiyo haigusi ugomvi wa umiliki wala ukaaji wa ardhi. Andika mambo mawili tu: pesa zangu anazozishikilia, na mali yangu inayohamishika irudishwe au nilipwe thamani yake. Ukianza kueleza nani ana haki ya kukaa dukani, umempa mwenzako pingamizi la bure.

Mama_Menengai
Na umshtaki nani? Watu wengi hapa huteleza. Soma jina lililo kwenye mkataba, halafu ulinganishe na jina linalotokea kwenye M-Pesa. Kama dipoziti ilipokelewa na ajenti, mwenye jengo atasema hajaiona, na ajenti atasema aliipeleka. Waweke wote wawili kwenye dai. Kama mwenye jengo ni kampuni, toa kwanza CR12, hati rasmi ya usajili wa kampuni, ili uandike jina lake kama lilivyosajiliwa. Kosea neno moja la jina na utahangaika siku ya kutekeleza hukumu.

Fundi_Brashi
Nichukue hiyo 48,000. Duka lako lina ukubwa gani?

Mteja_wa_FreeArea
Mita 3 kwa 5, kimo mita 3. Mkataba unasema nirudishe chumba kikiwa kimepakwa rangi.

Fundi_Brashi
Basi piga hesabu. Kuta nne ni mita 16 kuzunguka, mara 3 ni mita mraba 48. Toa mlango mpana wa mbele, kama 6, zinabaki 42. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni 84. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo ni lita 8 na kidogo. Ndoo moja ya lita 20 haifiki nusu. Plasta ni matobo ya skrubu za rafu tu, kiraka cha filla na msasa. Pata kotesheni mbili za hadwea na moja ya fundi, zenye tarehe na muhuri, uziambatanishe. Landilodi naye mdai risiti. Halafu pita pale saluni upige picha ya ukuta ukiwa nje: kama mpangaji mpya amepaka rangi yake mwenyewe, landilodi amenunua nini?

Karani_Mstaafu
Fundi amesema vyema. Kuhusu notisi: miezi miwili kutoka 3 Februari inaishia 3 Aprili. Umepungukiwa siku tatu. 35,000 gawanya kwa 30, mara 3, ni 3,500. Mimi ningekubali hiyo waziwazi kwenye barua, maana anayekubali kosa dogo huaminiwa kwenye dai kubwa. Kama mkataba unasema kodi hulipwa mwezi mzima mbele, atadai Aprili yote, lakini hawezi kula kodi yako na ya saluni kwa siku zilezile. Piga picha ya bango la saluni leo.

Friji ni jambo jingine kabisa. Kushika mali ya mpangaji kwa ajili ya kodi kuna njia yake: dalali mwenye leseni, orodha ya maandishi yenye thamani ya kila kitu, na muda wa kukomboa. Tena njia hiyo ni ya malimbikizo ya kodi, si ya gharama ya rangi. Kufuli la stoo halina nguvu hiyo.

Anza na barua ya madai. Taja 70,000, toa 3,500 na gharama halisi ya rangi, taja friji kwa modeli na namba yake (iko kwenye risiti au kadi ya waranti), mpe siku 14. Bila barua hiyo unaweza kushinda na bado ukanyimwa gharama za kesi. Ambatanisha statimenti kamili ya M-Pesa badala ya picha za skrini pekee, na WhatsApp iliyochapishwa pamoja na cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi.

Mama_Menengai
Mkataba ulilipiwa ushuru wa stempu, ile kodi ya serikali kwenye hati?

Mteja_wa_FreeArea
La, sikujua.

Mama_Menengai
Ulipie kabla ya kufungua kesi. Kwa mkataba usiozidi miaka mitatu ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka: 420,000, kwa hiyo 4,200, pamoja na faini ya kuchelewa. Mahakama hii haifungwi kikamilifu na kanuni za ushahidi, lakini hailegezi kila kitu. Kwa hiyo usimwachie wakili wa landilodi hoja kwamba mkataba hauna stempu.

Jambo la mwisho, ndugu yangu. Landilodi akishapata barua huenda akakuita uchukue friji ghafla. Nenda na shahidi, ichomeke kwenye umeme palepale, subiri mota iingie na ubaridi uanze. Kisha soma karatasi atakayokupa utie sahihi. Ikiwa na maneno "sina dai lolote tena", yakate kwa kalamu, andika "nimepokea friji pekee, dipoziti bado", mtie sahihi wote wawili hapo kando, na upige picha kabla hujaiachia.