Kufungua faili la perf katika Firefox Profiler

Muulizaji, Mbeya:
Ndugu zangu, programu yetu ya kusajili kahawa ya wakulima wa Mbozi huwa nzito wakati wa msimu. Nimerekodi utendaji wake kwenye seva ya Linux kwa perf, zana ya kupima programu inatumia muda wake wapi, lakini Firefox Profiler, ukurasa wa wavuti wa kuchambua vipimo hivyo, inalikataa faili la perf.data lililotokana na rekodi hiyo. Nifanyeje?

Jibu, Iringa:
Firefox Profiler husoma maandishi yanayotolewa na amri ya perf script, wala si faili la perf.data lenyewe. Endesha «perf script -F +pid > kahawa.perf» kwenye seva ileile iliyorekodi, kisha buruta faili hilo hadi kwenye ukurasa wa profiler.firefox.com. Nasisitiza seva ileile kwa sababu perf hutafuta majina ya funksheni (vipande vya programu vinavyofanya kazi mojamoja) katika programu zilizomo kwenye mashine inakoendeshwa, na isipoyapata, utaishia kutazama anwani tupu za kumbukumbu, jambo ambalo halimsaidii mtu.

Jibu, Njombe:
Naongeza kwamba perf record, amri ya kurekodi, isipopewa -g, mfuatano wa miito (funksheni ipi iliita ipi) haurekodiwi, na hauwezi kurudishwa baadaye. Rekodi seva ikiwa na kazi.

Muulizaji, Mbeya:
Nashukuru, ndugu. Limefunguka: muda mwingi unatumika kupanga upya orodha ya wakulima kila mzigo unaposajiliwa.