Tupeane uzoefu: kiangazi kinaisha, nani anakula bustani yako kabla yako?

Mama Bamia (Bunju, Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jua. Huku mwishoni mwa Februari kunawaka, masika hayajatoa hata dalili, maji ya bomba yanakuja kwa mgao, na kila kiumbe chenye mdomo kimegundua kuwa kijani kilichobaki mtaani kiko uani kwangu. Raha ipo, nisikufuru. Bamia inalipenda jua hili kuliko sisi: ukivuna leo, keshokutwa nyingine zimerefuka, na ukizembea kidogo zinakomaa hadi kisu kinagoma. Matembele ndiyo kabisa, hayana habari na mtu.

Vita yangu ni bilinganya. Majani yalianza vidoa vya njano, yakapauka, yakakunjamana. Dukani kwenye pembejeo wakasema ni ukungu, wakaniuzia dawa ya ukungu. Sikuridhika. Nikachuma jani, nikaligonga juu ya karatasi nyeupe, na lile vumbi lililodondoka likaanza kutembea. Utitiri mwekundu! Anakaa chini ya jani, anafuma utando mwembamba ambao huuoni mpaka uligeuze juani. Anashamiri kwenye joto na ukavu, kwa hiyo asubuhi napiga maji kwa nguvu kutokea chini, yale ya kusuuzia nguo za mwisho. Sumu ya wadudu sikutaka, maana nyingi zinaua wale wanaomla, halafu yeye anabaki kuzaana bila mpinzani. Haya, nyie mnapigana na nani?

Kaka Mtwapa

Mama, shukuru adui yako hana mikono. Hapa tumbili wanafika jua likichomoza. Mmoja anatangulia, anakaa juu ya mwembe wa jirani, anaangalia kama mlango wa jikoni umefunguliwa. Kisha wengine wanashuka. Nyanya inachumwa, inang'atwa mara moja, inatupwa, inachumwa nyingine. Wangekula nikajua wameshiba, ningevumilia. Ile kuonjaonja ndiyo inaniua.

Sanamu la nguo nililosimamisha waliliogopa kidogo tu, sasa wanalikalia. Mbwa alisaidia mpaka walipoujua urefu wa mnyororo wake. Na kuwatilia sumu sahau, ni wanyamapori wa taifa, utajieleza kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Mwishowe nimejenga kibanda cha waya wa kuku chenye paa la waya pia, nyanya na strobeli zimo humo. Nje nimeacha pilipili kali peke yake. Hawajaigusa hadi leo.

Sukuma ya Ng'ambo (Columbus, Ohio)

Sasa hivi nje ni theluji, kwa hiyo nasimulia ya Agosti, kiangazi chetu kinapoelekea kuisha. Hapo ndipo kila kitu kinaiva kwa pamoja na majirani wanaanza kukukwepa usiwape nyanya tena. Unavuna kwa haraka maana kufikia katikati ya Oktoba baridi kali inaweza kuunguza kila kitu usiku mmoja.

Kulungu ndio wenye mji. Wanatembea mtaani usiku, wanaruka uzio wa kawaida bila kukimbia. Wenyeji wanasema ukitaka usingizi jenga wa mita 2.4, mimi mpangaji nitaujengea wapi? Sukuma wiki nikaisogeza ukutani chini ya dirisha la sebuleni, nikaifunika neti.

Lakini niwape kisa cha kiwavi. Kuna mmoja wa kijani, mnene, mwenye pembe nyuma, anakula nyanya tawi zima usiku na humwoni kwa sababu rangi yake ni ile ile ya bua. Siku moja nikamkuta amejaa vifuko vyeupe mgongoni, mithili ya punje za mchele. Nikataka kumkanyaga. Mzee wa bustani ya pili akapiga kelele: mwache! Vile vifuko ni vya nyigu mdogo aliyetaga ndani ya kiwavi. Watoto wametoka, wanasubiri kuruka. Kiwavi mwenyewe hali tena, anangoja kufa. Tukamwacha, na wale nyigu wakatoka kutafuta wengine.

Na mchicha, jamani! Huku wenyewe unaota tu kwenye magugu na wenzetu wanaung'oa kutupa. Naomba kabla hawajapulizia dawa.

Dada wa Ilula

Iringa sasa ni mvua, kiangazi chetu kinaisha Novemba. Huo ndio wakati wa kanitangaze, kiwavi wa nondo anayemaliza nyanya. Aliingia nchini mwaka 2014 na hajaondoka. Mdudu anaingia katikati ya ngozi mbili za jani, anakula nyama ya ndani, jani linabaki na michirizi myeupe. Akimaliza anatoboa tunda. Akiwa humo ndani, dawa ya kugusa tu haimpati, ndiyo maana watu wanapulizia kila wiki na bado wanalia.

Kwa vimiche vichache vya nyumbani, mimi nakagua kila jioni. Jani lenye mchirizi nalichuma, natia kwenye mfuko mweusi, naufunga, naanika juani. Nyanya zilizotobolewa vivyo hivyo, siziachi chini ya mche. Na ya jioni nyingine: beseni la maji yenye sabuni, taa ndogo ya sola juu yake. Nondo wanakuja wenyewe.

Mtoto wa Ilala

Mimi ni kunguru. Hawa walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka, sasa wanakula papai langu. Sina la ziada.

Babu Kihamba (Marangu)

Nyie wote mnamwona adui yenu. Wangu ni fuko. Unamwagilia mihogo, unaisifia, siku ya kung'oa shina linatoka jepesi mkononi, chini hakuna kitu. Nachimba nipate njia yake, natega kitanzi cha waya kwenye fimbo iliyopindwa. Akija kuziba tundu, fimbo inafyatuka. Na pembeni nimezungushia utupa.

Kaka Mtwapa

Shikamoo babu. Utupa si ule mmea wa sumu wa kuvulia samaki? Unamfukuza kweli?

Babu Kihamba

Marahaba. Ndio huo huo, basi usiupande karibu na bwawa. Kumfukuza, jirani yangu anaapa kwamba unamfukuza. Mimi naamini waya. Ila maua yake yanapendwa na nyuki, nami nina mzinga, kwa hiyo siung'oi.