Corolla AE100 inasita injini ikiwa baridi

Swali: Wakuu, injini ni 5A-FE. Asubuhi inawaka vizuri, ila dakika 5 za mwanzo nikikanyaga mafuta inasita na kukohoa. Ikipata moto, safi kabisa. Plagi mpya. Nianzie wapi?

Jibu: Anza na sensa ya joto la maji, ile ya waya 2 inayoipa taarifa kontroli boksi (kompyuta ya injini). Ya waya 1 ni ya geji tu, iache. Gari likiwa limelala usiku kucha, chomoa soketi upime ukinzani wa sensa kwa mita: kwenye nyuzi 20 isome kiloomu 2 hadi 3, kwenye nyuzi 80, kiloomu 0.2 hadi 0.4. Ikisoma chini asubuhi, kontroli boksi inadhani injini ina moto, inabana mafuta.

Jibu: Usinunue sensa bila kupima, tafadhali. Angalia pia hewa ya wizi (inayoingia kwenye injini kwa kuvuja): puliza kabureta klina kidogo kwenye gasketi ya menifoldi ya hewa, injini ikiunguruma baridi. Mlio ukibadilika, hapo panavuja. Epuka ekzosi na waya za plagi, itashika moto.

Muulizaji: Asubuhi hii sensa imesoma kiloomu 0.6.

Jibu: Hiyo imekufa. Badilisha sensa wakati injini ni baridi, weka wosha mpya, kisha ongeza kulanti (maji ya kupoza injini) kufidia iliyomwagika.