Tupeane uzoefu: mashamba ya wazee wetu waliokuwa watumwa, Pangani na Handeni

Ndugu zangu, nawaomba wenye wazee waliotumikishwa katika mashamba ya minazi na miwa ya Pangani tupeane uzoefu. Utumwa ulifutwa Tanganyika mwaka 1922, lakini aliyeachwa huru hakupewa shamba. Ng'ambo ya mto, upande wa Bweni, bwana wa babu yake baba alimwachia kipande kwa maneno matupu: alime muhogo na mpunga, ila asipande mnazi, kwa sababu mwenye mti wa kudumu huhesabiwa mwenye mahali. Leo warithi wa bwana yule wametutaka tuondoke. Nani amepitia haya, na alisimamia ushahidi gani?

Dada wa Mwera: Pole sana kaka. Sisi tuliokolewa na Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu vijijini miaka ya 1970. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inathibitisha ardhi waliyogawiwa wanakijiji kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, hata kama ugawaji wenyewe haukufuata sheria. Mzee aliyekuwa balozi wa nyumba kumi wakati ule aliwatembeza wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji mpakani, akawaonyesha mwembe, kisha makaburi ya kwetu ambayo nyasi zilikuwa zimeyafunika. Upande wa pili, kwa kutaka kutuaibisha mbele ya watu, wakauliza bibi yetu alikuwa mjakazi wa nani. Mama akawajibu kwamba alikuwa mjakazi wa babu yao, na kwamba wao wenyewe ndio mashahidi kuwa alilima pale. Sasa tunayo hati ya hakimiliki ya kimila, na majina ya wanawake yamo.

Mkazi wa Chogo, Handeni: Kwetu hapakuwa na shamba la kudai. Wazee wetu ni Wazigua waliopelekwa Somalia utumwani katika karne ya 19, na wazao wao wakalima bonde la mto Juba mpaka vita vilipowatoa. Tulirudi Tanga tukiwa wakimbizi, tukizungumza Kizigua ambacho wenyeji walikielewa, lakini lugha haimpi mtu ardhi: Tanzania asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kwa hiyo tulihangaikia uraia kwanza, na wengi wetu tuliupata.

Mzee wa Muheza: Mleta mada, uangalie sana maelezo yako. Ukisema babu aliruhusiwa kulima, wakili wao atajibu kwamba mkaribishwa hageuki mmiliki hata akikaa miaka mia, na ile miaka 12 ya ukomo wa madai, ambayo ikipita mwenye ardhi hawezi tena kuidai mahakamani, haitakusaidia. Mimi nilishindwa kwa hoja hiyo hiyo. Njia ya dada wa Mwera ina nguvu zaidi, iwapo kijiji kiliwagawia eneo hilo miaka ile. Baraza la Kata tangu 2021 linasuluhisha tu. Uamuzi hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kabla ya kufungua shauri, watafute wazee waliokuwapo wakati wa ugawaji, kwani wanazidi kupungua.