Kikundi cha familia, Makorora: Jumatatu ya Kitinda

Shangazi Ngamiani: Assalamu alaykum na Bwana asifiwe, kila mtu achukue yake. Huyu Kitinda, tangu aende Accra umisionari wa kanisa lake la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni), ana nini? Napiga baada ya alfajiri, simu inaita tu.

Mjomba Dar: Waalaykum salaam dada. Ghana wako nyuma yetu saa 3. Alfajiri yako kwao ni saa 8 usiku. Na hata ungepiga Jumanne mchana hapokei. Ndugu huongea na wamisionari Jumatatu tu, siku yao ya matayarisho, ya kufua na shughuli binafsi.

Shangazi Ngamiani: Siku sita mama mtu hamsikii mwanawe?

Mjomba Dar: Hii ndiyo nafuu dada. Kabla ya Februari 2019 ilikuwa barua pepe kwa wiki, simu Krismasi na Siku ya Mama, basi. Sasa hata video ruhusa. Likizuka la msiba au ugonjwa mnapitia kwa kiongozi wa misheni.

Binamu Raskazone: Ratiba yenyewe ikoje?

Mjomba Dar: Kwa saa za kwao: kuamka 12:30 asubuhi, mazoezi nusu saa, kula, kusoma maandiko peke yake kisha na mwenza, mmisionari mwenzake aliyepangiwa. Saa 4 wako barabarani. Saa 3 usiku wawe wamerudi, kulala 4:30. Mwenza hajichagulii, na hawaachani, lazima waonane na kusikiana. Kila wiki 6 kuna uhamisho, anaweza kubadilishiwa mwenza au mtaa. Kwa hiyo mzigo mtume kwa anwani ya ofisi ya misheni. Mkituma alikopanga, utapokelewa na mwingine.

Baba Mdogo: Na eti anaitwa Mzee, na ndevu hana 😂

Mjomba Dar: Kanisani kwao ni cheo. Wa kike ni Dada, wao miezi 18. Wa kiume 24.

Shemeji Dobi: Naomba niingie kwenye mashati. Hiyo Jumatatu inakwisha saa 12 jioni, usiku wanarudi kazini. Kinachoila siku ni kufua, aanze nako. Akiamka tu, mashati meupe peke yake, ageuze ndani nje, kola na makwapa ayapake sabuni ya mche kabla hayajaingia majini. Nusu ndoo ya maji, vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya unga, dakika 30. Akiyasahau mpaka mchana uchafu unarudi kwenye kitambaa.

Shemeji Dobi: Kosa la vijana wote: kwapa likipiga njano wanamwagia dawa ya klorini. Klorini na jasho havipatani, njano inazidi. Achanganye bekingi soda na maji iwe kama uji mzito, apake, aache dakika 20, asugue kwa mswaki wa zamani. Asuuze mara tatu. Blu ayeyushe kwanza kwenye kikombe. Akiimwaga kavu shati litatoka na madoa kama ramani.

Shemeji Dobi: Aanike kwa upindo wa chini, asianike mabegani, alinyooshe kwa kiganja likiwa bichi. Pasi itakuwa kidogo sana. Desemba mpaka Februari kuna upepo wa vumbi toka Sahara, nguo hukauka upesi lakini zisilale kambani.

Dada Mkubwa: Maliza shemeji, na sisi tuna la jikoni.

Shemeji Dobi: Nimemaliza. Pasi isiwe moto wa juu kama shati lina nailoni 🙏

Shangazi Ngamiani: Mimi nimemfungia majani ya chai robo kilo na kahawa ya kusaga.

Mjomba Dar: Dada, vyote hivyo hanywi. Chai ya majani na kahawa ni mwiko kwao, sawa na pombe na tumbaku.

Shangazi Ngamiani: Mtoto wa Tanga asinywe chai?!

Dada Mkubwa: Mchaichai ruhusa shangazi, na tangawizi na iliki. Mabua 4 kwa lita moja, tangawizi ukubwa wa dole gumba, ichemke dakika 10. Tena huko wana sobolo, ndiyo rozela yetu na tangawizi. Banku itamsumbua kidogo, ni unga wa mahindi na muhogo uliochachushwa, mtu wa ugali huona umeharibika. Kenkey nayo ni ya mahindi yaliyochachushwa, ale na samaki azoee kidogo kidogo.

Mjomba Dar: Na Jumapili ya kwanza ya mwezi wanafunga milo miwili, maji pia hawanywi.

Shangazi Ngamiani: Kumbe. Basi anywe maji mengi Jumamosi, na siku ile asitembee juani bure.

Binamu Raskazone: Tupange simu. Akishaanika, saa 4 asubuhi yake. Kwetu saa 7 mchana.

Mjomba Dar: Baada ya hapo ana soko, kinyozi, kusafisha chumba. Dakika 40 zinatosha, mmoja mmoja. Mwenza yuko palepale anasikia, ya shamba la Muheza myaache.

Baba Mdogo: Mwenza Mghana, Kiswahili atakijulia wapi?

Shangazi Ngamiani: Saa 7 ya Jumatatu nani ana bando?