Kinyigu cha kijani, Wete, Pemba: Chrysis au Hedychridium (jenasi za nyigu wanaong'aa, familia ya Chrysididae)?

Assalaam alaykum. Kidudu cha mm 5, kijani chenye wekundu mgongoni, kinazungukazunguka matundu ya mchangani chini ya ukuta. Picha ni ya juu tu. Jenasi gani?

Jibu: Wa alaykum salaam. Rangi iache, inageuka na mwanga. Kwanza hakikisha ni wa familia hii: tumbo liwe na pingili tatu tu zinazoonekana, chini limebonyea, na akiguswa ajikunje kama gololi. Halafu tazama ukingo wa pingili ya 3. Chrysis ana safu ya vishimo na mara nyingi meno 4 au 6. Ukingo laini, mtupu? Basi huenda ni Hedychridium au jenasi ya karibu, Hedychrum.

Jibu: Hao wawili hutengwa kwa ukucha, lenzi ya mara 20. Hedychridium ana kijino kimoja katikati, kimesimama wima. Cha Hedychrum kiko karibu na ncha, ukucha ukaonekana umepasuka. Mtie kichupani, friji dakika 10 ili atulie. Usimtie friza! Piga picha za ubavu, nyuma na mguu. Flashi ifunike kwa karatasi nyeupe, la sivyo mng'ao utafuta vishimo vyote.

Muulizaji: Ukingo ni laini. Ukucha kesho, inshallah.