Tumbo la udongo limepasuka motoni. Nilipeleke hivyo hivyo au nianze upya?

BintiVyungu:

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Nipo Newala kwa bibi tangu chuo kifunge. Nasoma sanaa za ufundi Dar, mwaka wa mwisho, na tukirudi kuna maonyesho ya kumalizia. Kila mwanafunzi anatoa kazi moja na maelezo ya ukurasa mmoja. Kazi ninayo, ila ina ufa kuanzia ukingoni mpaka kitovuni, ukucha unaingia. Nitaanza mbali kidogo, mnivumilie.

Mwaka wa kwanza nilichonga ujamaa, ile nguzo ya watu waliopandana, ipo kila duka la vinyago. Nilinunua gogo la mpingo la urefu wa mkono nikahangaika nalo miezi miwili. Mpingo si mti wa kujifunzia jamani, tezo inadunda kama umepiga jiwe. Nikatoa watu tisa, nikapiga msasa na kiwi mpaka wanang'aa. Mwalimu akakizungusha kinyago, akasema, "Umechonga vizuri. Hawa watu ni akina nani?" Nikakaa kimya. Nilinakili picha kwenye simu, sikumjua hata mmoja. Kinyago kikauzwa wiki hiyohiyo, na hela niliila bila raha.

Mwaka wa pili nikasema nitachora watu ninaowajua. Nikachora mikono ya mama zangu wadogo wakibangua korosho, na badala ya wino nikatumia mafuta ya maganda ya korosho. Nyie wa kusini mshaanza kucheka. Rangi ilitoka ya kahawia iliyoiva, dukani huipati. Na mimi vidole vitatu vikababuka ngozi, wiki nzima nakula kwa mkono wa kushoto mbele za watu. Mama mdogo alipoviona akanyoosha vyake, vyeusi miaka na miaka, akasema, "Haya, sasa umetuchora." Ile kazi naipenda, ila mistari inazidi kutambaa kwenye karatasi. Sijui itaishia wapi.

Sasa hili tumbo. Mnajua kile kinyago cha mwanamke mjamzito, kifua na tumbo, mchezaji mwanaume anakivaa mbele wakati wa sherehe za jando. Mti mwepesi, matiti madogo, kitovu kimetokeza, na nembo za chale zimezunguka. Mimi Mmakonde wa kuzaliwa Newala mara ya kwanza nilikiona kwenye picha ya jumba la makumbusho la Ulaya. Nikawaza: mwanaume kachonga tumbo la mwanamke, mwanaume mwingine kalivaa. Mwenye tumbo yuko wapi?

Dada yangu alikuwa na miezi minane. Nikampaka mafuta ya nazi, nikamfunga plasta ya hospitali tumbo zima, ikakauka, nikaivua. Ndiyo kalibu yangu. (Bibi: "Umemfunga plasta, kwani kavunjika?") Nikachukua udongo wa bibi, ule anaopanda nao kutoka bondeni, nikaukandamiza ndani ya kalibu. Nembo nilizichora kwa mwiba nikiwa nimekaa mbele ya bibi, nikinakili chale za shavu lake la kulia. Yeye anavuta tumbaku yake, ananiambia mstari wa tatu nimeukosea.

Tukachoma pamoja na vyungu vyake vinne, moto wa wazi, kuni na magome na makuti juu. Vyungu vikatoka vizima. Tumbo likatoka na ufa, umekata nembo katikati.

Dada ameshajifungua, kwa hiyo tumbo lenyewe halipo tena. Kalibu ninayo, inaning'inia juu ya uchaga. Naweza kufinyanga jingine. Naweza pia kuziba ufa huu kwa gundi na unga wa vigae na asijue mtu. Juu ya hayo mjomba hasemi na mimi. Alipoliona alisema tu, "Kitu hicho wanavaa wanaume," akaondoka bila kunywa hata chai. Kwa sisi ukoo unafuata mama, mnajua mjomba ni nani.

Natanguliza shukrani.

Tezo la Mwenge:

Mdogo wangu, mimi mtu wa Masasi, nachonga Mwenge, kwenye soko la vinyago Dar, mwaka wa ishirini na moja huu. Nikwambie siri ya kazi. Mpingo ukipasuka tunajaza vumbi la mpingo na gundi, kiwi juu, kitambaa, umemaliza. Mteja haoni. Lakini anakipeleka kwao, baridi nje, ndani wamewasha moto, hewa kavu, mti unazidi kukauka na ule ufa unafunguka upya na gundi yake ndani kama meno. Nimewahi kutumiwa picha. Aibu niliyoipata siku ile sitaki uipate wewe na maisha yako bado marefu.

Usigundishe. Mengine utaamua mwenyewe.

Halafu hao watu tisa usiwaonee haya. Sote tulianza kwa kunakili. Ila mwalimu wako ana jicho.

Kigae:

Kabla ya kuamua, jua kwanza kilichopasua, maana ukifinyanga jingine bila kujua litapasuka palepale. Uangalie huo ufa vizuri, mchana, juani.

Kama umetanuka ukingoni na midomo yake imelegea, umeviringika, basi ulikuwepo kabla ya moto. Ni ufa wa kukauka: ukingo ulikauka haraka, katikati bado kubichi, udongo ukavutana. Kama vimebanduka vipande kama magamba, ni maji yaliyobaki ndani yakageuka mvuke, moto ulipandishwa mbio. Na kama midomo ni mikali kama kioo na pande mbili zinakutana sawasawa, basi kazi iliiva vizuri na ikapasuka wakati wa kupoa. Upepo ulipiga upande mmoja, au ilifunuliwa mapema. Kuna nyuzi joto 573 hivi ambapo mchanga ulio ndani ya udongo unabadilika ukubwa ghafla. Ukipita hapo kwa pupa, umekwisha.

Chungu kinavumilia kwa sababu ni cha mviringo, mvutano unagawanyika. Tumbo lako ni kama bakuli lililokatwa, lina ukingo mrefu. Ufa wowote utaanzia ukingoni.

Nina maswali matatu. Unene wake ukoje, sawa kote? Ulilikausha siku ngapi? Uliweka vigae vilivyotwangwa kwenye udongo au umefinyanga mtupu?

Kijana wa Ligula:

Mafuta ya korosho kama wino 😂😂 dada una roho. Mimi yalinirukia shavuni darasa la nne na alama ninayo.

Mzee wa Kitangari:

Binti, marahaba.

Watu wamekujibu ya ufa, mimi nijibu ya mjomba. Hapo naona umekosea, na hukukosea pale unapofikiri.

Lipiko, kile kinyago kinachovaliwa kichwani, lina mambo yake, na mwanamke kuambiwa asilisogelee kuna sababu wenyewe wanazijua, sitaziandika humu. Lakini tumbo lile linachezwa uwanjani, mchana, wanawake wanapiga vigelegele. Kulitazama si siri. Mjomba wako hawezi kukasirika kwa kuwa umeliona. Nakuuliza: tumbo la dada yako, mtoto wa dada yake yeye, ulilipaka mafuta ukalifunga plasta ukalitia motoni. Nani alimwambia? Ulikwenda kwake na chochote? Au alilikuta limeanikwa uani kama muhogo?

Mtoto aliyekuwemo mle ni wa ukoo wake. Wewe umesoma, umeuliza mwenye tumbo yuko wapi. Swali zuri. Yeye naye anauliza lake.

Nenda na unga kidogo na maneno machache. Usiende na ule ukurasa wako wa maelezo.

BintiVyungu:

Nimerudi. Samahani kimya kilikuwa kirefu, umeme huku ulikata siku mbili.

Kigae, shikamoo. Nililitoa nje saa nne asubuhi nikaliangalia kama ulivyosema. Midomo mikali, kidole kimenikwaruza, na pande mbili zinakutana bila pengo. Kwa hiyo ni kupoa. Maswali yako: unene si sawa, kitovuni kama vidole viwili, ukingoni kimoja (nilidhani nafanya urembo). Nilikausha siku kumi na mbili kivulini. Vigae vilivyotwangwa vimo, bibi hafinyangi bila hivyo.

Sasa sikieni. Nikamsomea bibi jibu lako lote, mpaka hizo nyuzi 573, yeye anamenya mihogo. Akanyamaza. Akamenya miwili zaidi. Halafu akasema, "Yule mama wa chini alikuwa anasubiri chungu chake."

Kumbe! Nilipokwenda kuoga jioni ile, bibi alichukua mti mrefu akafukua majivu akatoa vyungu vyake viwili vya mteja, vya moto hivyohivyo. Hapa nyumba ipo karibu na Shimo la Mungu, lile genge linalotazama bondeni, na kusi la mwezi wa saba likipanda kutoka bonde la Ruvuma hata nguo kambani hazikai. Upepo ukaingia kwenye shimo alilofukua na tumbo langu likapigwa upande mmoja. Siku tisa kaniona naugulia ufa, kanyamaza! Nikamwuliza kwa nini hukusema. "Ulikuwa unaandika sana kwenye simu, nikadhani umeshajua."

Mzee wa Kitangari, nilikwenda. Kilo mbili za unga na sukari. Sikusema mengi, na yeye hakunipa nafasi. Aliniuliza mtoto kapewa jina gani, nikamwambia. Akauliza plasta ilimuumiza dada, nikasema hapana ila ilikuwa ya baridi mwanzoni. Juzi akaja mwenyewe. Akaliinua tumbo, akapitisha kidole gumba kwenye ufa mpaka kitovuni, akaligonga akasikiliza mlio. Nembo aliziangalia muda mrefu. Akasema mstari wa tatu umekosewa. Bibi alicheka mpaka akakohoa.

Kwa hiyo nimeamua naenda nalo na ufa wake, bila gundi. Kwenye maelezo nitaandika majina: tumbo la nani, shavu la nani, na nani alifukua majivu. Bibi kakataa hilo la mwisho, tunaendelea kubishana. Na la pili nimeshaanza kulifinyanga, unene sawa kote, mstari wa tatu upo sahihi. Hilo si la maonyesho. Mjomba kaliomba.

Swali jipya: nasafiri na basi Newala mpaka Mtwara halafu Dar. Tezo la Mwenge, nyie vinyago mnavifungia nini? Nina makumbi ya nazi, khanga mbili na ndoo ya lita ishirini ambayo tumbo haliingii.

Tezo la Mwenge:

Ndoo achana nayo. Chukua kiroba, makumbi chini, khanga ndani ya tumbo uijaze mpaka ukingoni isibaki nafasi, khanga ya pili juu. Halafu lipakate. Konda akikwambia weka buti, mwambie ni mtoto.